Natumia diazepamu mwaka wa sita sasa, nitaiachaje?

SWALI: Nina miaka 52, niko Tanga. Nilianza kumeza diazepamu alipofariki mume wangu. Usingizi ulinipotea na moyo ulikuwa unaenda mbio, nikaandikiwa kidonge kimoja cha miligramu 5 usiku. Sasa ni mwaka wa sita, nameza kimoja asubuhi na viwili usiku. Miezi michache iliyopita niliamua kuacha siku moja. Siku tatu za kwanza nilikuwa salama. Siku ya tano nikaanza kutetemeka, silali, mlango ukigongwa nashtuka kama bomu limelipuka, na ngozi inatambaa kama nina sisimizi. Wifi yangu akasema ni majini, nikasomewa. Nilipovirudia vidonge, jioni ileile nikatulia. Je, nimeshakuwa teja? Muuzaji wa duka la dawa ananiambia niache nimeze amitriptilini badala yake, ni sawa? Nina presha pia, natumia amlodipini.

JIBU: Pole sana mama, kwa msiba na kwa siku zile ulizopitia. Kabla ya lolote lile: usiache tena ghafla. Endelea na dozi yako ileile, asubuhi kimoja na usiku viwili, mpaka utakapokaa na daktari na kupanga namna ya kushuka. Mtu aliyemeza dawa hii kwa miaka akiikata siku moja anaweza kupata degedege, hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani mwake. Safari ile uliponea chupuchupu, na uamuzi wako wa kuvirudia vidonge ulikuwa sahihi.

Yaliyokupata ni madhara ya kukatiwa dawa ambayo mwili umeshaizoea. Ubongo una kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kupoza: inazituliza seli zinapohamaki. Diazepamu, kama ndugu zake wote wa kundi la benzodiazepini, haipozi yenyewe. Inaipa GABA nguvu ya ziada. Ubongo ukimwona msaidizi huyu kila siku kwa miezi na miaka, unapunguza usikivu wa vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea GABA. Msaidizi akiondoka ghafla, GABA inabaki peke yake mbele ya vipokezi vilivyolegea, na kila kitu kinaingia bila breki: sauti ya mlango, mwanga wa dirishani, mguso wa shuka, mapigo ya moyo wako mwenyewe. Vipokezi hurudi katika hali yake, lakini huchukua wiki na miezi. Kwa sababu hiyo tunashuka polepole, tukivipa muda wa kutufikia.

Kwa nini siku ya tano na si ya kwanza? Diazepamu inakaa sana mwilini. Nusu yake huhitaji siku moja hadi mbili kutoka, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine inayofanya kazi ileile, ambayo nusu yake huchukua siku mbili hadi nne, na kwa watu wazima zaidi hata kupita hapo. Siku zile tatu ulikuwa unaishi kwa akiba. Wengine dalili huwafika wiki ya pili au ya tatu, wakati wameshasahau kabisa habari ya vidonge, na hapo ndipo wanapotafuta sababu nyingine.

Kuhusu majini sitabishana na wifi yako. Kisomo kikikutuliza moyo, endelea nacho. Hakina ugomvi na kidonge. Ugomvi unaanza pale mtu anapokuambia uache vidonge ili kisomo kishike, au anapokupa dawa ya kunywa isiyojulikana ndani yake mna nini. Hapo kataa kwa heshima. Na ujue kwamba kutulia kwako jioni ileile baada ya kumeza ni ushahidi mkubwa wa chanzo cha dalili zile.

Hujawa teja. Mwili kuizoea dawa ni jambo moja, uraibu ni jambo jingine. Mraibu anaitafuta dawa kwa raha yake, anazunguka maduka matatu, anaongeza juu ya alichoandikiwa ingawa anaona inamharibia maisha. Wewe umemeza ulichopewa. Ni kweli umepanda kutoka miligramu 5 hadi 15, lakini kupanda huko kunaonyesha kwamba dawa imepoteza makali mwilini mwako, na hutokea kwa yeyote anayeimeza muda mrefu. Kosa lilikuwa kutokuambiwa tangu mwanzo kwamba dawa hii ni ya wiki chache tu, kwa kawaida mbili hadi nne. Ilipoingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium ilionekana haina neno, na hata mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo zito kabisa kuhusu mwili kuizoea na madhara ya kuiacha mwaka 2020 tu.

Na amitriptilini? Hapana, si kwa namna hiyo. Ni dawa ya sonona na ya maumivu ya neva, na kwa dozi ndogo hulaza watu, ndiyo maana wauzaji huipenda. Lakini haigusi vipokezi vile vilivyolegea, kwa hiyo haizuii degedege la kuacha diazepamu. Kinyume chake, yenyewe inaweza kuusogeza ubongo karibu na degedege. Ukiacha moja na kuanza nyingine siku hiyohiyo unaondoa breki na kukanyaga mafuta. Daktari anaweza kuona kwamba chini ya yote haya bado kuna wasiwasi au sonona ya msiba inayohitaji dawa yake. Ikiwa hivyo, dawa hiyo huanzwa kwanza, inapewa wiki nne hadi sita ishike, na diazepamu bado iko palepale. Kupunguza kunafuata baadaye.

Utakapokwenda kwa daktari, nenda kliniki ya afya ya akili. Kwa Tanga, hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Wasomaji wa kwingine: Muhimbili kwa Dar es Salaam, Mirembe kwa Dodoma, Kidongo Chekundu kwa Unguja, Mathari kwa Nairobi. Foleni ni ndefu na dakika za daktari ni chache, kwa hiyo andika maneno haya kwenye karatasi uyasome: «Natumia diazepamu miligramu 15 kwa siku, mwaka wa sita. Nilijaribu kuacha ghafla, siku ya tano nikatetemeka na kukosa usingizi. Naomba tupunguze kwa asilimia 5 hadi 10 kila wiki mbili hadi nne, na naomba cheti cha vidonge vya miligramu 5 na vya miligramu 2.» Kasi hiyo ndiyo iliyomo katika mwongozo wa pamoja wa vyama vya madaktari wa Marekani wa mwaka 2025, ambao pia unasema hatua moja isizidi asilimia 25 katika wiki mbili. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya watu wa namna yako huko Newcastle, Uingereza, kuanzia mwaka 1982 hadi 1994, alishikilia jambo hilohilo: taratibu, na mgonjwa ndiye anayeshika usukani.

Wapo wasiotakiwa kushukia nyumbani kabisa, hata kwa ratiba nzuri. Aliyewahi kuanguka kifafa au kupata degedege alipoacha zamani, anayekunywa pombe kila siku, mjamzito, anayemeza dozi kubwa kuliko kawaida, mwenye ugonjwa mzito wa akili, na anayeishi peke yake bila wa kumwangalia. Hao wafanye chini ya uangalizi wa karibu, baadhi yao wakilazwa. Mwenye kifafa anayepewa klonazepamu au fenobabitali kwa ajili ya kifafa chenyewe, maelezo haya si yake hata kidogo.

Ratiba yenyewe

Hii ni ya miligramu 15 za diazepamu, ya kujadili na daktari wako. Hatua moja ni wiki mbili kwa uchache; wiki tatu ni bora, nne hazina ubaya.

Tunaanza na dozi ya asubuhi, kwa sababu ya usiku ndiyo inayoulinda usingizi. Usiku vinabaki viwili vya miligramu 5. Asubuhi unashuka hivi: robo tatu ya kidonge (jumla ya siku nzima ni miligramu 13.75), kisha nusu (12.5), kisha robo (11.25), kisha asubuhi humezi kitu (10). Kwa kuwa dawa inakaa mwilini muda mrefu, ya usiku inatosha kukubeba mchana. Ukiona asubuhi zinakuwa ngumu mno, gawanya jumla ileile mara mbili. Kinachohesabiwa ni jumla ya siku.

Kutoka 10 kwenda chini unahitaji vidonge vya miligramu 2 pamoja na vya 5:

9: kimoja cha 5 na viwili vya 2
8: vinne vya 2
7: kimoja cha 5 na kimoja cha 2
6: vitatu vya 2
5: kimoja cha 5

Ukifika 5, weka kando vidonge vya 5. Sasa ni vya 2 tu, na robo yake ni nusu miligramu: 4.5 (viwili na robo), 4 (viwili), 3.5 (kimoja na robo tatu), 3 (kimoja na nusu), 2.5 (kimoja na robo), 2 (kimoja), 1.5 (robo tatu), 1 (nusu), 0.5 (robo), halafu hakuna.

Hatua zote ni 19. Kwa wiki mbili mbili ni wiki 38. Kwa wiki tatu tatu ni mwaka na mwezi mmoja hivi. Najua inasikika ndefu. Lakini umeimeza kwa miaka sita, na mwaka wa kushuka ukiwa unapika, unauza na kuwalea wajukuu ni bora kuliko mwezi mmoja wa kulala chini ukitetemeka na mwisho wake ukarudi kwenye vidonge vitatu.

Sasa nisikilize hapa, maana wengi huangukia hapa. Watu hushuka vizuri juu, wakifika chini wanaona kilichobaki ni kidogo, wanaharakisha. Tazama hesabu ya robo ileile moja ya kidonge cha 5, yaani miligramu 1.25. Ukiwa kwenye 15, ukiiondoa umepunguza asilimia 8. Ukiwa kwenye 5, robo hiyohiyo ni asilimia 25. Ukiwa kwenye 2.5, ni nusu nzima ya dawa uliyobaki nayo. Mkono unaona kipande kilekile, ubongo unaona pigo kubwa mara sita. Kwa sababu hiyo ngazi zinazidi kuwa fupi kadiri unavyokaribia chini, na kwa sababu hiyohiyo ukiwa chini ya miligramu 2 nakushauri kila hatua iwe wiki nne, hata kama unajisikia mzima. Hatua ya kutoka 6 kwenda 5 nayo ni asilimia 17. Ukiwa umechoka, pitia 5.5, yaani viwili vya 2 na robo tatu.

Vidonge vya miligramu 2 visipopatikana (mara nyingi maduka madogo yana vya 5 tu), waulize famasi kubwa za mjini au za hospitali wakuagizie kabla hujafika kwenye 10. Ikishindikana kabisa, daktari akikubali, kwa diazepamu peke yake mnaweza kupishanisha usiku: leo 5, kesho 3.75, na wastani unakuwa karibu 4.4. Inawezekana kwa sababu dawa hii hutoka polepole. Usifanye hivyo kwa ndugu zake alprazolamu au lorazepamu. Hizo zinatoka haraka na usiku wa dozi ndogo utakuwa usiku wa mateso.

Kukata. Nunua kifaa cha kukatia vidonge kama kipo, la sivyo wembe mpya kwenye sahani kavu, ukikandamiza mara moja kwa kwenda chini bila kusaga kama msumeno. Kata kidonge kimoja tu kwa wakati, na vipande vyake vyote umeze mfululizo kabla ya kukata kingine. Vipande havitalingana, na si neno: robo kubwa ya leo inalipa robo ndogo ya kesho. Ukikata pakiti nzima siku moja, kwa unyevu wa Tanga vinabaki unga. Usiponde kidonge ukakoroga kwenye maji ili upime kwa bomba la sindano. Diazepamu haiyeyuki vizuri kwenye maji, unga unatuama chini, na huwezi kujua umemeza kiasi gani. Na vidonge vya aina yoyote vinavyoachia dawa taratibu havikatwi kamwe.

Akiba ni jambo dogo linaloharibu kazi kubwa. Kwa hatua ya 9, wiki mbili zinahitaji vidonge 14 vya 5 na 28 vya 2. Ongeza daima vya siku saba zaidi: duka linaweza kuishiwa, msiba unaweza kukupeleka Lushoto bila kutarajia. Jitahidi kununua vya mtengenezaji yuleyule. Dawa hii mara nyingi huhesabiwa kutoka kwenye kopo na kutiwa kwenye kibahasha. Omba kuliona kopo, soma nguvu ya kidonge na tarehe ya kuisha. Mkanganyiko wa 5 na 10 umeshawarusha watu ngazi tatu kwa wiki moja bila kujua.

Chagua pia wakati wa kuanza. Usianze wiki ya harusi ya mwanao, wala mkesha wa Ramadhani. Ukishakuwa njiani Ramadhani ikifika, diazepamu inakubali kufunga: dozi ya usiku baada ya futari, ya asubuhi kama bado ipo wakati wa daku. Mwezi huo simama palepale ulipo. Njaa, kiu na usingizi uliokatika vinatosha kuwa mzigo.

Ukiwa njiani

Weka daftari. Kila usiku andika tarehe, jumla ya dozi, saa ulizolala, presha, na wasiwasi wako kwa alama kutoka 0 hadi 10. Kabla ya kushuka hatua nyingine tazama siku nne za mwisho, si usiku mmoja. Zikiwa zinavumilika, shuka. Zikiwa mbaya, simama wiki mbili zaidi hapohapo. Zikiwa hazivumiliki, rudi ngazi moja juu, si kwenye 15, kaa mwezi, kisha shuka kwa nusu ya hatua. Usimeze kidonge cha ziada kwa ajili ya siku mbaya. Kinatuliza saa chache, lakini vipokezi vilivyokuwa vinaanza kuamka unavirudisha kulala, na wiki inayofuata unalipa.

Utakachokiona kwa kawaida huanza siku chache baada ya kushuka, kinafika kileleni ndani ya wiki moja hivi, kisha kinapoa: usingizi mwepesi, ndoto nyingi, jasho, misuli ya shingo na taya kukaza, masikio kuwa makali, tumbo kuvurugika, machozi ya karibu. Wakati mwingine mtu hujiona kama yuko nje ya mwili wake, au nyumba yake imekuwa ngeni. Inatisha, lakini si wazimu na inapita. Namna ya kutofautisha na wasiwasi wako wa zamani: wasiwasi ulikuja na mawazo, wa mume, wa ada, wa kesho; madhara ya kupunguza dawa huja kwanza na mwili, sauti na mwanga, na yanafuata tarehe za daftari.

Si kila kitu kiwe kosa la kidonge. Una miaka 52: joto la ghafla linalopanda kifuani na jasho la usiku vinaweza kuwa ukomo wa hedhi. Na homa kali haimo katika dalili za kawaida za kushuka taratibu. Ukipata homa, nenda ukapime malaria, na mpaka utakapopona usishuke hatua.

Presha inaweza kupanda kidogo wiki za kwanza za kila hatua, kwa hiyo pima walau mara mbili kwa wiki na usiache amlodipini. Haina ugomvi mkubwa na diazepamu. Daktari anaweza kukupa propranololi kwa ajili ya mtetemo na mapigo ya moyo, lakini ajue kama una pumu, na wewe ujue kwamba haikulindi na degedege. Inaficha mtetemo tu.

Usingizi utakuwa wa mwisho kurudi. Amka saa ileile kila siku, adhana ya Alfajiri ni kengele nzuri, hata kama ulilala saa tatu tu. Ukikaa kitandani kama dakika ishirini macho makavu, toka, kaa kwenye kiti penye mwanga hafifu mpaka usingizi ukuite. Mchana usilale zaidi ya nusu saa. Chai ya rangi nzito na kahawa ziishe kabla ya adhuhuri. Kipindi hiki kikombe kimoja kitakupiga kama vitatu. Moyo ukianza mbio, vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita, kwa dakika tano. Kinachosaidia ni kule kuitoa taratibu. Ukivuta kwa nguvu na haraka, hewa chafu inapungua mno kwenye damu, midomo na vidole vinakufa ganzi na utadhani ni kiharusi.

Kuna dawa zinazoweza kuivuruga ratiba bila wewe kugusa kidonge. Rifampisini ya kifua kikuu inalifanya ini liichome diazepamu haraka. Ndani ya wiki moja au mbili unaweza kujikuta kama uliyeacha ghafla ingawa unameza ileile. Ukianzishiwa, mwambie daktari siku hiyohiyo. Upande wa pili, omeprazoli ya vidonda vya tumbo na flukonazoli ya fangasi zinaizuia isitoke, unalewa na kusinzia, halafu ukizimaliza inashuka ghafla. Siprofloksasini, inayouzwa kwa kila tumbo linaloharisha, inaweza yenyewe kuchokoza ubongo na kuleta degedege. Omba dawa nyingine. Tramadoli ya maumivu ni mbaya mara mbili: pamoja na diazepamu inazima pumzi, na peke yake inaleta degedege. Pombe ya aina yoyote, hapana. Na mwenye kutafuna mirungi aache kwanza mirungi, atulie, ndipo aanze kushuka.

Safari za nje nazo. Diazepamu ni dawa inayodhibitiwa kimataifa chini ya mkataba wa mwaka 1971, na nchi za Ghuba ni wakali. Anayekwenda Umra au kazini Muscat au Dubai aulize ubalozi mapema kuhusu kibali, abebe cheti na barua ya daktari yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na vidonge kwenye pakiti yake. Kuvitupa uwanja wa ndege kwa hofu ndiko kuacha ghafla.

Wanaotumia alprazolamu, klonazepamu au lorazepamu wasinakili namba za hapo juu. Miligramu 10 za diazepamu zinakadiriwa kuwa sawa na 0.5 za alprazolamu, 0.5 za klonazepamu, au 1 ya lorazepamu. Kidonge kidogo si dawa ndogo. Alprazolamu na lorazepamu hutoka mwilini upesi na madhara huanza ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo mara nyingi daktari humhamisha mgonjwa kwenda diazepamu kwanza, dozi moja moja ya siku kwa wiki kadhaa, ndipo washuke.

Mwambie mtu mmoja nyumbani, wifi yako huyohuyo kama yuko karibu, mambo ya kukimbiza hospitali bila kungoja asubuhi: degedege, kuona au kusikia visivyopo, kuchanganyikiwa usijue siku wala mahali, kuzimia, presha iliyopanda sana pamoja na maumivu ya kichwa au kifua, na mawazo ya kujidhuru. Hili la mwisho walichukulie kwa uzito uleule wa degedege. Usiachwe peke yako, na vidonge vyote ashike mwingine. Degedege likitokea: walaze ubavu, waondoe vitu vigumu, wasitie kijiko wala kidole mdomoni, wasinusishe kitu, watazame saa. Likipita dakika tano, au likirudia, ni dharura. Na waseme mlangoni: «Alikuwa anatumia diazepamu kwa miaka, amepunguza hadi kiasi hiki, tarehe hii.» Waende na daftari.

Baada ya robo ya mwisho, tegemea wiki kadhaa za kupanda na kushuka. Kwa wachache huendelea miezi, lakini mawimbi yanazidi kupishana na kupungua. Mwili wako utakuwa umesahau kuibeba dawa hii: miligramu 15 ulizokuwa unameza ukiwa unakwenda sokoni zinaweza kukuangusha chooni au kukulaza usiamke vizuri. Kwa hiyo vilivyobaki usiviweke kwenye mkoba «kwa dharura». Virudishe famasi ya hospitali, na siku utakapoandikiwa dawa ya usingizi kwa sababu nyingine yoyote, kabla ya upasuaji kwa mfano, mwambie daktari ulitumia diazepamu miaka sita na uliacha lini.